Msichana Aliyesahau Shairi la Pasaka

Dakota Kaskazini
9 Oktoba 1976

Mdogo wangu Vonnie,

Pokea mabusu mawili, moja lako na jingine umwekee Mama shavuni kabla hajakukwepa. Sisi huku hatujambo, tena hatujambo kuliko neno lenyewe linavyoweza kubeba. Goti la Mama linaendeleaje? Kwaya ya wazee bado inagombana juu ya nani asimame mbele?

Vonnie, nimeolewa! Najua ulikuwepo, ulishika maua na ulilia mpaka wanja ukafika kidevuni. Lakini bado kila asubuhi najitamkia kwa sauti: Bibi Roscoe Tolliver. Mwili mzima unanisisimka. Ungemwona anavyokunja soksi zake, kama mtu anayefunga zawadi. Akinyoa ndevu anaimba, na anaimba vibaya, na nikimcheka anaongeza sauti. Juzi kabla ya kwenda zamu alinichorea moyo kwa kidole kwenye mvuke wa dirisha la jikoni. Nimekataa kulifuta dirisha hilo.

Kazi yake, kama unavyojua, ni kulinda yale makombora ya jeshi la anga yaliyofukiwa chini ya mashamba ya watu. Anakaa huko siku tatu, kisha anarudi. Akiwa hayupo napanga nyumba. Nimeipanga kila namna inavyoweza kupangika. Tumeshona mapazia ya njano. Tunasikiliza redio sana. Jirani yetu Bibi Halvorsen alituletea mkate mtamu siku ya kwanza, akasema karibuni, akaenda zake. Watu wa hapa ni wema sana.

Kitu kimoja tu: hakuna wa kunitengeneza nywele. Najitengeneza mwenyewe kwa kitana cha moto pale jikoni, na nimeshaunguza ncha ya sikio. Usimwambie Mama.

Mchezo wako wa kuigiza umefika wapi? Ule wa wasichana wa mtaani kwetu? Niandikie haraka, barua ndefu, yenye umbea.

Akupendaye mpaka ncha ya sikio lililoungua,
Setta


Cleveland
30 Oktoba 1976

Dada Setta,

Busu la Mama nilimwekea, akasema, "Toka hapa, mkono wangu una unga." Hajambo. Goti linamsumbua mvua ikikaribia, na kwaya bado inagombana. Anauliza kama shemeji anakula vizuri. Mimi sijambo. Siku hizi nalala upande wako wa kitanda. Nilijaribu kukaa wangu, nikawa najigeuza kama kuna mtu wa kumpisha.

Mchezo umekubaliwa nusu. Nilimpelekea Bwana Pettway, yule mwenye kikundi cha maigizo kwenye ukumbi wa chini wa jumba la mtaa. Alisoma mbele yangu, miwani kwenye ncha ya pua.

"Binti, hawa wasichana wako wanaruka kamba."

"Ndiyo, Bwana Pettway."

"Halafu wanatengenezwa nywele."

"Ndiyo."

"Halafu?"

"Halafu wanaruka kamba tena."

Akavua miwani. "Nani atatoka kwake na baridi hii aje kutazama kamba? Niletee kidonda, binti. Mchezo bila kidonda ni mkutano wa wazazi."

Basi nikamsimulia ile Pasaka. Yaani mwaka ule Mama alipotutoa kanisani kwetu akatupeleka kwenye lile la wazungu lenye shule, nawe ukapewa kusema shairi siku ya Pasaka. Ulikuwa na miaka kumi. Ukasimama mbele na gauni lako la waridi, ukasema mistari miwili, ukasahau. Na jinsi kanisa zima lilivyokaa kimya likikutazama mpaka mpiga kinanda akaanza wimbo mwingine, ukarudi kukaa.

Bwana Pettway aliruka kitini. "Hapo! Msichana peke yake, taa moja juu yake, kimya. Tunazima. Watu wanakwenda nyumbani na kidonda chao."

Bila onyesho hilo yeye mchezo hautaki. Dada, naomba ruhusa yako. Jina nitabadilisha.

Mdogo wako,
Wyvonne


Dakota Kaskazini
12 Novemba 1976

Mpenzi Vonnie,

Salamu kutoka nchi ya theluji! Imeanguka mpaka kwenye kizingiti, nyeupe kama keki ya harusi yetu, na Roscoe amenifyagilia njia toka mlangoni mpaka kwenye gari, ingawa gari analitumia yeye. Si mapenzi hayo? Mama mwambie mkwewe anakula mpaka anafungua kifungo.

Sasa hilo la Pasaka. Hapana.

Kwanza, hukumbuki vizuri, ulikuwa na miaka saba. Mimi sikuumia hata kidogo. Nilisahau, nikacheka, nikainama kama mwigizaji wa sinema, nikarudi kukaa. Lilikuwa jambo la kuchekesha. Kama mtu alinyamaza, alinyamaza kwa adabu.

Pili, hebu niambie wewe uliyesoma: kwa nini msichana mweusi akipandishwa jukwaani lazima alie? Kila shairi ulilonisomea wewe, msichana ana njaa, au amepigwa, au amesimama dirishani anatamani nywele za mwingine. Sisi tulikuwa hivyo? Sisi tuliokuwa tunaruka kamba mbili kwa pamoja mpaka viatu vinatoboka, tukiwatukana wavulana kwa mashairi ya kutunga papo hapo? Andika hayo! Andika Jumamosi jikoni, Mama ana kitana mkononi, sisi tumejipanga kwa ukubwa, redio inaimba, harufu ya mafuta ya nywele na samaki. Nani alikuwa analia pale?

Mimi ni mwanamke mwenye furaha, Vonnie, na nilikuwa msichana mwenye furaha. Usinitie kidonda nisichokuwa nacho ili Bwana Pettway auze tiketi. Ukiniweka mle, nitajua mdogo wangu ameniuza.

Roscoe anakusalimu. Yuko zamu, lakini angekuwepo angekusalimu.

Dada yako,
Setta


Dakota Kaskazini
3 Januari 1977

Vonnie,

Heri ya mwaka mpya, wewe uliyemeza kalamu! Sijaona herufi yako tangu Oktoba. Mama amenitumia kadi, ameandika "Mungu awabariki" na chini yake "Vonnie yupo," basi. Yupo wapi?

Ngoja nikusimulie Krismasi yetu. Nilipika kuku, makaroni na jibini, na pai ya viazi vitamu, ingawa viazi vya hapa ni vya kopo. Roscoe alipangiwa zamu siku yenyewe, maskini mume wangu, kwa hiyo tulisherehekea aliporudi. Nilifunika kila kitu vizuri. Nilivaa gauni jekundu tarehe ishirini na tano ili kulijaribu, na tena siku aliyorudi. Akasimama mlangoni na theluji kwenye nyusi, akasema, "Bibi Tolliver, nimekosea nyumba? Hapa anakaa malkia." Vonnie, nilikufa! Kisha akala, akalala hapo hapo mezani na uma mkononi. Nilikaa nikamtazama tu. Ana kope kama za mtoto.

Kwa Bibi Halvorsen kulikuwa na wageni wengi. Magari yalijaa mpaka mbele ya kwetu. Taa zao ni nzuri sana, ukizima zetu unaziona mpaka ndani.

Andika. Hata kama umenuna, andika umenuna.

Setta


Cleveland
20 Januari 1977

Dada Setta,

Mama hajambo. Bomba la jikoni liliganda, tukachota maji bafuni. Heri ya mwaka mpya nanyi.

Sikununa. Sikujua niseme nini.

Nimezisoma barua zako zote tena, moja baada ya nyingine. Umenieleza soksi za shemeji, ndevu zake, kope zake. Nafurahi, namaanisha nafurahi. Lakini hujanitajia rafiki hata mmoja. Wewe, ambaye Mama alikuwa akikutuma chumvi unarudi na habari za nyumba nne na chumvi umesahau! Sasa barua tatu, na mtu pekee ni jirani aliyeleta mkate mwezi wa Oktoba. Dada, unaongea na nani?

Huna haja ya kujibu.

Kuhusu mchezo. Kamba zimo. Jikoni kumo. Lakini na Pasaka nimeitia. Nilikuwa mdogo, ndiyo, lakini nilikaa kiti kimoja na Mama na nilikuona uso. Hukucheka pale mbele. Kucheka kulikuja baadaye, kwenye gari. Msichana anayelia mchezo mzima si wewe, nakubali, nimegombana na Bwana Pettway kwa hilo mpaka akaniita mkaidi. Ila na yule anayecheka mchezo mzima pia si wewe.

Mazoezi yameanza. Onyesho ni Jumamosi kabla ya Pasaka. Njoo uone mwenyewe, kisha uniambie nimekuuza.

Wyvonne


Dakota Kaskazini
6 Machi 1977

Wyvonne,

Barua yako imefika. Sisi hatujambo. Theluji bado ipo. Roscoe anakusalimu.

Fanya utakavyo na mchezo wako. Sitakuja.

Mwambie Mama nimepata kazi ndogo ya kushona mapazia ya watu, nafanyia nyumbani. Bibi Halvorsen alinipungia mkono Jumanne.

Charlesetta Tolliver


Cleveland
11 Aprili 1977

Dada yangu Setta,

Najua uliposema nifanye nitakavyo hukumaanisha hivyo. Na jina lako zima pale chini nimeliona. Lakini nisikilize mpaka mwisho, tafadhali. Mama hajambo, ila sauti imemkauka, na utaona kwa nini.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Kwaya ya wazee ilikuja nzima, kofia za Pasaka zimevaliwa siku moja kabla, wakakaa mbele wakawaziba watu wote wa nyuma. Bwana Pettway alikuwa amemleta mtu wa gazeti. Aliwaomba wazee wasikilize kwa utulivu, hii ni sanaa. Dada Eula Broadnax wa kwaya akamwambia, "Mwanangu, sisi tumetulia tangu hujazaliwa."

Walitulia mpaka kamba zilipoanza. Wasichana wangu waliruka, Setta! Lawanda Tubbs, mwenye miaka kumi na mmoja, ndiye wewe. Mweusi kama wewe, na miguu mikubwa kama yako, usikasirike. Alipoingia katikati ya kamba mbili, bibi mmoja akapaza sauti, "Miguu hiyo! Hata mimi niliruka hivyo kabla ya kisukari!" Kisha ikaja Jumamosi jikoni. Yule anayeigiza mama alipoinua kitana tu, safu nzima ikasema kwa pamoja, "Shika sikio, mtoto!" na Lawanda akashika sikio. Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Bwana Pettway alikuwa anatafuna tai yake.

Halafu Pasaka. Gauni la waridi. Taa moja. Lawanda akasema mistari yake miwili, akasimama, kama tulivyomfundisha. Kimya kikaingia. Kimya kile kile, Setta, nilikitambua. Bado kidogo taa zizimwe.

"Sawa tu, mwanangu!"

Sauti hiyo ilitoka safu ya tatu. Nilikuwa nyuma ya pazia, lakini naijua kama kengele ya mlango wetu. Ilikuwa Mama.

"Sawa tu! Chukua muda wako!"

Dada Eula akadaka, "Sema, mtoto! Tupo hapa hapa!" Mwingine, "Msaidie, Yesu!" Wakaanza kupiga makofi, polepole, kama kanisani kwetu mtoto anapokwama. Unajua wenyewe walivyo. Sijui kama walidhani Lawanda amesahau kweli. Sidhani kama iliwahusu. Mtoto amesimama mbele amekwama, basi.

Bwana Pettway akamnong'oneza Bwana Cleophus, mwenye taa, "Zima! Zima sasa!"

Bwana Cleophus akakunja mikono. "Mtoto hajamaliza," akasema.

Lawanda akanitazama. Shairi zima analijua, nilimfundisha lote ili ajue anasahau kitu gani. Mama ndiye alinipa maneno, akikaanga samaki, bila kunitazama. Kumbe alilitunga yeye. Mimi sikumwitikia wala sikumkataza. Lawanda akawageukia watu. Mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kuitwa vile na watu wazima akanyamaza. Akaanza upya:

*Jiwe limeviringishwa, jua limechomoza,*
*Nimevaa viatu vipya, nina jambo la kueleza:*
*Aliyelazwa Ijumaa ameamka mzima,*
*Basi simameni wote, hata nyinyi wa nyuma!*

Wakasimama. Wote, na kofia zao, na goti la Mama. Mtu wa gazeti naye alisimama, kisha akatazama huku na huku kama aliyeibiwa.

Baadaye Bwana Pettway akaniambia nimemharibia kimya chake. Nikamjibu si mimi. Wakati tunavaa makoti nikamwambia Mama, "Mama, ulikuwa mchezo tu."

"Najua ulikuwa mchezo, unadhani mimi mjinga?" Akahangaika na kifungo. "Siku ile nilikuwa nimevaa glovu nyeupe. Nilitaka watuone tuna adabu kama wao. Neno lilikuwa mdomoni hapa, nikalibana. Nikamwacha Charlesetta asimame pale peke yake." Kisha akasema, "Geuka nikufunge skafu," na hajalitaja tena.

Setta, mimi sijui ulilia au ulicheka. Nimeandika kama najua, na sijui. Tunarudia onyesho mwezi wa Mei. Niambie wewe ilikuwaje. Ukisema niondoe, naondoa, hata mchezo ukifa.

Wako,
Vonnie


Dakota Kaskazini
24 Aprili 1977

Vonnie wangu,

Mkono wangu kwa Mama, na umwambie atie asali kwenye chai yake, sauti irudi. Theluji imeondoka. Chini yake kumbe kulikuwa na nyasi muda wote.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye sanduku la posta, kisha jikoni, kisha tena. Roscoe aliporudi zamu nikamwambia, keti nikusomee kituko cha nyumbani. Hii Pasaka sikuwahi kumsimulia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni anavua mabuti. Nikasoma kwa sauti zote, Dada Eula na sauti yake, Bwana Pettway na tai yake. Kwenye "shika sikio" Roscoe alicheka mpaka akagonga kichwa ukutani.

Nikafika pale Lawanda anasimama. Nikasoma "kimya kikaingia," na hapo nikakwama. Nikawa nimeshika karatasi, natazama neno linalofuata, halitoki.

Vonnie, Roscoe alikuwa bado hajasikia habari ya Mama. Alikuwa ameinama, anahangaika na kamba ya buti. Bila kuinua kichwa akasema, "Sawa tu, mpenzi. Chukua muda wako." Hivyo tu; yeye ni mtu wa Georgia, amekulia kanisa kama letu, mdomo wenyewe ulijisemea. Kisha akaona siendelei, akainua kichwa.

Nililia. Na siku ile pia nililia, umeshinda. Nililia kwenye choo cha kanisa, nimefunika mdomo kwa pindo la gauni ili wasinisikie, kisha nikanawa nikatoka nacheka. Nilicheka njia nzima kwenye gari ili Mama asijisikie vibaya. Nikazoea.

Roscoe alishtuka. "Nani amekukosea? Nimefanya nini?" Hajafanya kitu. Hilo ndilo gumu la kumweleza. Kila akifungua mlango ananikuta nimevaa aproni nacheka, angejuaje? Na kicheko chenyewe ni cha kweli! Nampenda mpaka naona aibu. Lakini akiondoka, Vonnie, siku nyingine sauti yangu naisikia mara moja tu, nikisema ahsante dukani. Nimekuwa nikiacha redio imewashwa nikienda kutupa takataka, ili nikirudi nikute watu.

Uliniuliza naongea na nani. Nilikukasirikia kwa sababu sikuwa na jina la kuandika.

Kuhusu mchezo: uache. Mwache Lawanda amalizie, na wazee wasimame. Ila mwambie Bwana Pettway kimya chake nakitaka mimi, kabla Mama hajasema kitu. Kirefu. Watu wakae nacho. Nami nilikaa nacho.

Roscoe alitaka kuomba likizo usiku huo huo, anipeleke nyumbani, amwendee mkubwa wake, afanye hili na lile. Nikamwambia, hapana, vua buti jingine ukae. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia Oktoba, siku ya kwanza aliyoondoka, nilivyosimama mbele ya lile dirisha lenye moyo. Sisimulii vizuri. Nakwama, narudi nyuma, nasahau. Yeye anangoja. Kila jioni akiwepo tunaendelea pale tulipoishia.

Mpaka sasa tumefika Novemba.

Dada yako,
Setta